SHA na bima ya kikundi kwa waliojiajiri Kenya: kipi kinunuliwe, na kinunuliwe vipi

Tuanze na uamuzi. Kwa chama cha akina mama mboga, sacco ya bodaboda, kikundi cha wakulima au karakana ya jua kali yenye mafundi wanane, SHA, bima ya afya ya serikali, inamfaa kila mtu, mradi ilipwe mapema na walipe kwa pamoja. Bima ya kikundi kutoka kampuni binafsi inavifaa vikundi vichache tu: vile ambavyo fedha za wanachama hupita mahali pamoja kabla ya kuwafikia mkononi, na ambavyo vina nguvu ya kumlazimisha hata kijana asiyewahi kuugua alipe sawa na wenzake. Kikundi kisicho na sifa hizo mbili kitanunua mwaka wa kwanza kwa shangwe, kitapandishiwa bei mwaka wa pili, na mwaka wa tatu hakitakuwa na bima tena.

SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024 chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Watu huitaja kana kwamba ni kitu kimoja, lakini ndani mna mifuko mitatu na kila mmoja una mlango wake. Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi hutoka kwenye bajeti ya serikali na hulipia matibabu ya nje katika zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3. Hapo hudaiwi mchango, unadaiwa usajili tu. SHIF, Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, ndio mfuko wa michango, na ndio unaogharamia kulazwa, kujifungua, upasuaji, kusafishwa damu na vipimo vikubwa. Wa tatu ni mfuko wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, ambao huingia pale SHIF inapofika kikomo.

Malalamiko mengi huanzia hapo. Mtu amelipa mwaka mzima, mtoto anashikwa na homa, anampeleka moja kwa moja hospitali ya ngazi ya 5, kisha anaambiwa alipie kumwona daktari na anunue dawa. Huyo hajadhulumiwa. Matibabu ya kawaida ya nje yamepangiwa ngazi ya 2 na ya 3, na mchango wake haukuwahi kununua kliniki ya nje ya hospitali kubwa. Aliyedhulumiwa ni yule aliyefika zahanati sahihi akakuta rafu tupu, na wako wengi. Kwa hiyo kabla kikundi hakijatoa hata shilingi, atumwe mtu mmoja kwenye zahanati na kituo cha afya vilivyo karibu na soko au kijiji, akaulize kama vina mkataba na SHA, kama kifaa cha kutambua alama za vidole kinafanya kazi, na kama dawa za presha, za kisukari na za homa za watoto zilipatikana mwezi uliopita. Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko bango lolote la barabarani.

Kinacholipwa, kwa shilingi

Viwango vilivyochapishwa mwishoni mwa 2024 vinatosha kufanyia hesabu. Kulazwa ni shilingi 3,360 kwa siku katika hospitali ya ngazi ya 4, 3,920 ngazi ya 5 na 4,480 ngazi ya 6. Kujifungua kwa kawaida ni 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kusafishwa damu ni 10,650 kwa kikao. Kipimo cha MRI ni 11,000 na cha CT ni 9,600. Kwa saratani, kaya hupata 400,000 kwa mwaka kutoka SHIF na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa tatu. Viwango hivi hubadilishwa kupitia gazeti rasmi la serikali, hivyo mweka hazina avitafute upya kila mwaka kabla ya mkutano wa kuamua malipo.

Tazama vinavyofanya kazi. Mgonjwa amelazwa siku tano hospitali binafsi ya ngazi ya 4 na bili ni 45,000. SHA inalipa mara tano ya 3,360, yaani 16,800. Zinabaki 28,200, na hizo ni za mgonjwa. Katika hospitali ya umma, au ya misheni inayokubali kiwango cha SHA kuwa malipo kamili, ugonjwa uleule unaweza kumalizika bila kuongeza kitu. Ukiuliza mapokezi kama wanakubali SHA, karibu kila hospitali yenye mkataba itajibu ndiyo. Uliza hivi: SHA ikishalipa, mgonjwa anaongeza kiasi gani, na kwa vitu gani? Jibu liandikwe. Hospitali inayokataa kuliandika imeshakujibu.

Kwa magonjwa ya kawaida, basi, SHA ni msaada wa wastani. Thamani yake kubwa iko kwenye magonjwa yanayofilisi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hutumia vikao 104 kwa mwaka. Kwa 10,650 kila kimoja, ni shilingi 1,107,600. Ikiwa kila kaya inachanga 6,000 kwa mwaka, inahitajika michango ya kaya 185 kumhudumia mgonjwa huyo mmoja, na hapo hakuna mwingine yeyote aliyelazwa wala kujifungua. Vyama vinavyojiamini kwamba vitaunda mfuko wao wa matibabu wa watu thelathini viitazame hesabu hiyo kabla ya kuandika katiba. Mfuko wa chama unaweza kubeba nauli ya hospitali, dawa za zahanati, na zile 28,200 zilizobaki hapo juu. Figo hauwezi.

Kiasi cha mchango, na jinsi kinavyopatikana

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila ukomo wa juu. Aliyejiajiri hana hati ya mshahara, hivyo mapato yake hukadiriwa kwa maswali: sakafu ni ya saruji au ya udongo, ukuta wa nini, paa la nini, mnapikia kuni, makaa au gesi, maji yanatoka wapi, choo cha aina gani, mpo wangapi nyumbani, mna mifugo na vyombo gani. Mfumo hugeuza majibu kuwa mapato, hutoa asilimia 2.75, na hauendi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kaya yenye mapato ya takriban 10,900 kwa mwezi kushuka chini hulipa kiwango cha chini, 3,600 kwa mwaka. Iliyokadiriwa 20,000 kwa mwezi hulipa 550, yaani 6,600 kwa mwaka. Iliyokadiriwa 40,000 hulipa 13,200. Zamani NHIF ilimtoza aliyejiajiri 500 kwa mwezi, awe muuza sukuma wiki au mwenye duka la jumla. Huyu wa mwisho ndiye anayehisi mabadiliko.

Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba kinatazama nyumba, hakitazami fedha zinazoingia. Mkulima anayeishi katika nyumba ya mawe aliyojengewa na binti yake aliye Doha huonekana tajiri. Mfanyabiashara anayezungusha laki kadhaa kwa mwezi huku akipanga chumba kimoja cha mabati huonekana fukara. Hakuna ujanja wa kulitatua hilo kikundi kikiwa nje ya mfumo, lakini makosa ya kujitakia yanaweza kuzuiwa. Kila mwanachama ajibu maswali mwenyewe, akiwa na mtu wa kikundi anayeyaelewa. Kijana wa cyber asiachiwe kujaza kwa kukisia ili amalize foleni. Matokeo yapigwe picha. Kiasi kikionekana hakilingani na hali halisi, apeleke ombi la kutathminiwa upya kwenye ofisi ya SHA ya kaunti kabla hajalipa.

Usajili hufanyika kwa *147# au kwenye tovuti ya Afya Yangu, na huduma hiyohiyo ya *147# ndiyo inayoonyesha kama mchango uko hai. Yanayoharibika yanajulikana. Nambari ya simu iliyosajiliwa ni ya mtoto aliyehamia Nairobi, kwa hiyo ujumbe wa kuthibitisha unamfikia yeye na si mgonjwa. Jina kwenye kitambulisho linatofautiana na la cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mume amelipa lakini mke hajawahi kuunganishwa kwenye kaya. Mke anatakiwa ajisajili kwanza kwa kitambulisho chake, ndipo aunganishwe. Watoto huingia hadi miaka 21, au 25 wakiwa bado wanasoma kwa muda wote, na mwenye ulemavu anayetegemea wazazi hana ukomo wa umri. Wazazi wa mwanachama hawaingii: wao ni kaya nyingine, yenye mchango wake, hata kama wanaishi boma moja. Hili ndilo jambo linalovishangaza vikundi vingi vya vijana, ambao kilichowasukuma kutafuta bima ni presha ya mama.

Kuna na vidole. Hospitali zimehama kutoka ujumbe wa simu kwenda alama za vidole ili kuzuia madai ya uongo, na ni jambo jema, ila vidole vya fundi wa mawe, mchuma chai na mfua nguo mara nyingi havisomeki. Anayejua vidole vyake vina shida hiyo akashughulikiwe ofisi ya SHA akiwa mzima, si saa saba ya usiku mapokezi.

Mwaka mzima kwa mkupuo

Kasoro kubwa ya mpango huu kwa aliyejiajiri ni kwamba mchango wa mwaka hutakiwa wote pamoja. Mwajiriwa hukatwa kidogo kila mwezi; mama mboga anaambiwa alete 6,000 leo. Matokeo yake yanatabirika. Watu husubiri hadi mmoja wao alazwe, kisha familia hukopa, hulipa mwaka mzima usiku huohuo, na mwaka unaofuata hawalipi kwa sababu hakuna aliyelazwa. Mfuko unaopokea michango ya wagonjwa peke yao hauwezi kulipa hospitali kwa wakati. Hospitali isiyolipwa hudai fedha taslimu: Februari 2025 hospitali binafsi zilizo chini ya RUPHA, chama cha hospitali binafsi za vijijini na mijini, zilisitisha huduma kwa wanachama wa SHA kwa sababu ya madeni.

Mambo haya yameshaonekana kwingine, tena kwa wenye fedha kuliko sisi. Jimbo la California lilianzisha mwaka 1993 mpango wa pamoja wa kuzinunulia biashara ndogo bima ya afya, baadaye ukaitwa PacAdvantage. Bei zilikuwa nzuri mwanzoni. Kisha kampuni zenye wafanyakazi wazima zikapata nafuu nje ya mpango, ndani wakabaki wenye maradhi, kampuni za bima zikajiondoa, na mwisho wa 2006 mpango ulifungwa. Uanachama wake ulikuwa wa hiari, na hilo ndilo lililouua.

Hapa ndipo kikundi kina kazi ya kufanya, na kazi yenyewe si kuomba punguzo. SHA haina bei ya jumla. Mchango ni wa kila kaya na huingia kwa kitambulisho cha kila mtu, haumilikiwi na chama. Kazi ya kikundi ni kugeuza mkupuo kuwa kidogo kidogo, na kuhakikisha wote wanalipa tarehe moja, mzima kwa mgonjwa. Kwa 6,000 kwa mwaka, shilingi 120 kwa wiki hufikisha 6,240. Ziada ya 240 hubaki kuziba pengo la aliyekwama. Kwa kiwango cha chini cha 3,600, shilingi 70 kwa wiki zinatosha. Mwendesha boda anayetoa 20 kila siku ya kazi, siku 300, amefikisha 6,000.

Mwaka wa kwanza ndio mgumu, kwa kuwa akiba bado haijakusanyika. Njia safi ni sacco kutoa mkopo mdogo: inalipa 6,000 kwa jina la mwanachama, naye anarudisha 500 kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, jumla ya riba ya mwaka ni 390. Serikali nayo ilileta Lipa SHA Pole Pole mwaka 2025 kwa nia hiyohiyo, mwanachama akikopeshwa mchango wa mwaka na kuulipa kwa awamu. Ni chaguo halali kwa asiye na sacco. Mwenye sacco alinganishe jumla atakayolipa kule na zile 390. Mkopo wa simu una tabia ya kuonekana mdogo kwa siku na kuwa mkubwa kwa mwaka.

Vikundi vya wakulima vina nafasi nzuri zaidi ikiwa fedha hupita kwenye ushirika. Ushirika wa maziwa unaolipa kila mwezi unaweza kukata 500 kabla ya kumlipa mkulima, kwa idhini aliyoisaini. Wakulima wa chai waweke tarehe ya kulipa mara baada ya bonasi, ambayo kwa kawaida hutoka kuelekea Oktoba, badala ya Januari ambapo karo imekwisha kumaliza kila kitu. Fedha hizi zikae akaunti ya peke yake yenye sahihi tatu. Zikichanganywa na za mbolea, zitanunua mbolea. Siku ya kulipa, kila malipo yaingizwe kwa kitambulisho cha mhusika, risiti ziwekwe kwenye jedwali moja, na kesho yake kila mtu afungue *147# kuona kama jina lake liko hai. Asipoliona, ni wakati huo wa kufuatilia. Sheria inataka mchango mpya ulipwe siku 14 kabla wa zamani haujaisha. Kikundi makini huweka siku 30.

Bima binafsi ya kikundi

Mawakala huja na karatasi nzuri: kulazwa hadi nusu milioni au milioni, matibabu ya nje, meno, macho. Kabla ya kupendezwa na namba hizo, fahamu jinsi kampuni inavyokutazama. Haitaki kikundi kilichoundwa kwa ajili ya kununua bima; inataka watu waliounganishwa na jambo jingine, kama ushirika, soko, sacco au chama cha kitaaluma, kwa sababu watu wa namna hiyo ni mchanganyiko wa wazima na wagonjwa. Itaomba orodha yenye tarehe za kuzaliwa na wategemezi, na itapanga bei kwa ukubwa wa familia: M ni mwanachama peke yake, M+1 ni yeye na mmoja, na kuendelea. Itauliza ni wangapi kati ya wote watajiunga. Sacco ya watu 200 inayoleta 25 haileti kikundi, inaleta wagonjwa 25, na bei itasema hivyo.

Masharti ya kusoma kwa kidole ni machache. Muda wa kusubiri: ajali kwa kawaida hulipiwa tangu siku ya kwanza, maradhi ya kawaida baada ya mwezi hivi, maradhi yaliyokuwepo kabla na yale sugu hadi mwaka, na uzazi karibu miezi kumi hadi kumi na miwili. Kikundi kikubwa ambacho wote wamejiunga kinaweza kuondolewa baadhi ya hizo, na hilo ndilo la kupigania kwenye mazungumzo, kuliko kubishania bei kwa asilimia tatu. Vikomo vya ndani: milioni ya kulazwa inaweza kuwa na kikomo kidogo sana kwa kisukari au presha. Mchango wa mgonjwa kila anapokwenda kliniki. Orodha ya hospitali, ambayo ifunguliwe kwa kaunti mnazoishi. Orodha ndefu ya Nairobi haimsaidii mtu wa Kapsabet.

Sharti linalowaumiza watu zaidi ni lile la SHA kulipa kwanza. Katika mikataba mingi kampuni huhesabu bili baada ya kuondoa sehemu ya SHA, iwe umeilipa SHA au hujailipa. Aliyelazwa siku tano ngazi ya 4 huku mchango wake wa SHA umekufa anajikuta analipa 16,800 mwenyewe akiwa na kadi ya bima binafsi mfukoni. Wakala anayewaambia muache SHA kwa kuwa mna bima bora hajui anachouza, au anajua.

Kuhusu matibabu ya nje, msimamo wetu ni mkali: kikundi cha kipato cha kawaida kisinunue. Homa, kikohozi na dawa za kila mwezi ni gharama zinazojulikana, na kampuni huziuza kwa kujumlisha matumizi yanayotarajiwa, gharama zake za ofisi, na kamisheni ya wakala. Mnalipia barabara ya kuzungusha fedha zenu wenyewe. Isitoshe, ni matumizi ya nje yanayovuruga bei ya mwaka unaofuata, maana kadi ikishakuwepo kila mafua huenda kliniki. Nunueni kulazwa peke yake, na mafua yabebwe na kisanduku cha chama pamoja na zahanati.

Malipo nayo yana mitego. Bima haianzi hadi fedha zimepokelewa na kampuni. Ahadi ya wakala haina nguvu kisheria. Fedha ziende kwenye akaunti au paybill ya kampuni, kamwe si simu ya mtu, na leseni ya wakala ithibitishwe kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima. Juu ya bei huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya mfuko wa fidia wa wenye bima ya asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Kwa bima ya shilingi 1,800,000, tozo hizo mbili ni 8,100. Ikiandikwa zaidi, uliza. Mkichukua mkopo wa benki wa kulipia bima kwa awamu, jueni kwamba benki ina haki ya kuomba bima ifutwe mkikosa awamu, na wanaofutiwa ni wote, pamoja na waliolipa. Hilo liingie kwenye katiba kabla ya kusaini: anayekosa awamu mbili hukatwa kwenye akiba yake ya sacco bila mjadala.

Kwa mwenye biashara yenye wafanyakazi

Aliyeajiri hata mtu mmoja hana hiari. Anakata asilimia 2.75 ya mshahara na kuiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa mfanyakazi wa 15,000 ni shilingi 412.50. Tofauti na NSSF, mfuko wa pensheni, na ushuru wa nyumba, mwajiri haongezi kitu chake kwenye SHIF, kwa hiyo kuchelewesha ni kukalia fedha za mtu mwingine, na aliyechelewa hutozwa adhabu. Mwenyewe pia analipa, kama aliyejiajiri, kwa kukadiriwa. Tangu 27 Desemba 2024 mchango wa SHIF hutolewa kwenye mapato kabla ya kupiga kodi, kwa hiyo wafanyakazi wenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, hupata nafuu kidogo, na bima binafsi ya afya ina punguzo lake la asilimia 15 ya malipo, lisilozidi 60,000 kwa mwaka. Mwenye biashara anayelipa kodi ya mauzo ya asilimia 3 asivihesabu vyote viwili kwa upande wake, kwa sababu kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo yote bila kutoa gharama.

Tukirudi kwenye bima binafsi ya kikundi, mwezi wa tisa wa mkataba ndio wa kufanyia kazi, si wa kumi na mbili. Kikundi kiombe ripoti ya madai kwa maandishi: kiasi kilicholipwa, kilichobaki kwenye foleni, na kwa aina gani ya huduma, bila majina ya wagonjwa. Chukulia familia 40 zimelipa 45,000 kila moja, jumla 1,800,000. Madai yakiwa 900,000, mna hoja ya kudai bei ileile au kuondolewa kipindi cha kusubiri. Yakiwa 1,710,000, asilimia 95, kampuni itapandisha bei au itaomba mwende, na hakuna mabishano yatakayobadilisha hilo. Angalieni basi ni nini kimekula fedha. Ikiwa ni upasuaji wa watu wawili, kampuni nyingine inaweza kuelewa kwamba ilikuwa bahati mbaya ya mwaka mmoja, na mtapata bei ya maana mkipeleka ripoti hiyo kwa wengine watatu. Ikiwa ni kliniki za nje, ondoeni kipengele hicho kwenye mkataba mpya. Miezi mitatu inatosha kwa kazi hiyo. Wiki mbili za mwisho, ambazo ndizo mawakala hupendelea kuleta barua ya bei mpya, hazitoshi hata kuitisha mkutano wenye akidi.